Mjomba wa Watoto Wangu

Jumapili, tarehe 3 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Watoto wazima. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanung'unika.

Sikupigii simu. Simu iko kwa watoto kutwa, na kuta za nyumba hii ukipiga chafya jirani anakupa pole. Neno lenyewe si la kusikiwa. Barua nampa dereva wa lori la nondo, anapita huko kwenu kila wiki. Na wewe majibu mpe yeye.

Nataka uniandikie barua. Ngoja nikueleze.

Hii nyumba tuliyohamia, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, maji ndani. Nilipokuja kupanga waliniuliza watoto wangapi. Sheria yao watu wanne, hawaongezi hata kichwa kimoja. Kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka miezi miwili. Kila mlango nikisema saba, mtu ananitazama kama nimemtukana. Mmoja aliniuliza kama nataka kufungua shule. Kwa hiyo hapa nikasema watatu. Nikaandikisha Meneja, Profesa na Kurwa. Mimi wa nne. Ikatimia.

Waliobaki wanne wakaingia siku zilizofuata, mmoja mmoja.

Miezi minane hakuna aliyejua. Mrefu akawa anapita kama rafiki wa shule wa Meneja. Mapacha nawavalisha nguo moja. Kurwa akitoka, Doto anabaki ndani. Msimamizi wa jengo akawa anajua ni mtoto mmoja asiyetulia. Domo na Kitinda hawajaanza shule, hao nawaacha ndani na simu. Ukiwapa simu huwasikii.

Mwezi wa tatu mwaka huu wakafunga kamera mlangoni. Msimamizi akaniita ofisini kwake akanionyesha. Akasema, "Mzee, mtoto wako ameingia mara mbili bila kutoka. Nieleze."

Mdomo ukajisemea wenyewe. Nikasema huyo wa pili si wangu, ni wa dada yangu, yuko kwangu kwa muda. Akauliza, wa dada yako wako wangapi? Nikasema wanne.

Ndiyo, pamoja na Doto.

Sasa anataka barua ya mama yao. Andika hivi: mimi ni mama wa hawa watoto wanne, wako kwa kaka yangu kwa muda, nawatambua. Weka sahihi. Iwe imefika kabla mwezi haujaisha. Bila hiyo tunatoka.

Usiulize mengi.

Kaka yako

*

Tarehe 9 Mei

Kaka, shikamoo.

Dereva wako alinifuata mpaka mlango wa nyuma wa hospitali, tunapopokea mashuka machafu. Wenzangu wakaanza: "Leo dobi kapata mchumba wa lori!" Nikawaambia angekuwa mchumba angekuja na kitu cha maana kuliko bahasha ya kaka yangu yenye vumbi la saruji.

Nimesoma nikiwa nimekaa juu ya furushi la mashuka. Nilipofika pale pa Doto nikacheka kwa sauti, msimamizi wetu akachungulia. Kaka! Umewagawa mapacha! Kurwa wako, Doto wangu! Walikaa tumbo moja miezi tisa, wewe umewatenganisha kwa dakika moja mbele ya meza ya mtu. Huyo msimamizi wako hakukuuliza imekuwaje binamu wawili wana sura moja, kimo kimoja na pengo moja la jino? Au ni mtu wa huruma, au hana macho, kazi yote kaiachia kamera.

Nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Kaka, umesahau au unajifanya? Siku tuliyomzika mama watoto, Kitinda alikuwa bado wa kubebwa. Nilikuvuta pembeni nikakuomba. Sikuomba wanne. Nilisema nipe huyu mmoja nikulelee, mimi sina, wewe umeelemewa, atakuwa wako siku zote ila alale kwangu. Ulinijibu nini? Hukunijibu pembeni. Ulinijibu kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wanakunja viti na kupakia gari. Ulisema, "Ukitaka mtoto, zaa."

Sijawahi kukutajia. Nimekuja kwako mara ngapi tangu hapo, nimewafulia, nimewasuka, nimekaa kimya. Leo unaniandikia niseme ni mama wa wanne. Siyo nilelee. Niseme.

Nyumba naijua shida yake, usifikiri siijui. Mimi mwenyewe nakaa chumba kimoja, nikinyoosha miguu nagusa jiko. Sikatai moja kwa moja. Ila nijibu swali hili kwanza. Mimi nikiwa mama yao, wewe watoto wanakuita nani?

Wasalimie. Mwambie Domo namdai hadithi ya paka aliyeingia kwenye ndoo. Mara ya mwisho hakuimaliza.

Mdogo wako

*

Tarehe 16 Mei

Mdogo wangu,

Wananiita kama watoto wanavyoita.

Ya mazishini yaache. Nilikuwa nimechanganyikiwa.

Msimamizi kaniuliza tena juzi, kwenye ngazi. "Barua ya dada?" Nikasema iko njiani. Anaandika kila kitu kwenye daftari.

Wewe unafikiri nina wakati wa kukaa kuwaza wananiita nani. Kazi siku hizi haitafutwi kwa miguu. Nyapara anatuma ujumbe kwenye simu kabla hakujakucha: Nani yupo? Kumi wa kwanza kujibu ndio wanaingia kazini. Vidole vyangu vinene, nabonyeza herufi mbili kwa pamoja. Wiki iliyopita nilijibu "Nioo." Nikawa wa kumi na moja. Sasa Meneja ananijibia, mimi nafunga viatu. Nikishaondoka simu inabaki nyumbani. Nikienda nayo wale wadogo wanakimbia chumbani, na jirani wa chini anagonga dari na ufagio. Nikiiacha wanatulia. Lakini nyapara akituma kazi ya mchana siipati. Sasa niambie ningefanya nini.

Tunajenga maghorofa. Mbele wamesimamisha picha kubwa ya familia itakayokaa humo. Baba, mama, mtoto mmoja, mbwa. Mbwa ana kitanda chake.

Domo haelezi tena hadithi sana. Amekua.

Andika hiyo barua.

Kaka yako

*

Tarehe 16 Mei

Shangazi, shikamoo.

Baba hajui kama nakuandikia. Amenipa barua yake nimpelekee dereva, na hii nimeiweka kwenye bahasha nyingine. Barua yako ya kwanza niliisoma. Samahani. Mimi ndiye ninayemsomea baba maneno anayokwama, na alikwama kwenye lile swali lako, lakini hakuwa amekwama kusoma.

Shangazi, wanamwita mjomba.

Siyo sisi watatu tulioandikishwa. Wale wanne. Tulipohamia, Jumapili moja baba alitukalisha wote kitandani akatufundisha, endapo siku moja mtu atauliza. Akatoka nje ya mlango, akagonga, akaingia akijifanya msimamizi. Akauliza kwa sauti nzito, "Huyu ni nani yako?" Anayesema mjomba anapewa simu. Anayesema baba zamu yake inarukwa. Tulicheka sana siku hiyo, baba anajua kuigiza, alijaza tumbo akavimbisha mashavu. Doto alikataa kabisa. Alisema, "Kwa nini Kurwa abaki na baba mimi nipewe mjomba?" Akalia. Baba akamwambia ni mchezo. Mrefu alikubali ila sasa hamwiti baba jina lolote, anamwambia "wewe" au anangoja mpaka baba amtazame ndipo aseme.

Kitinda ndiye aliyejifunza haraka kuliko wote. Ndiye aliyekuwa anapata simu zaidi. Ndio alikuwa anaanza kusema vizuri, Shangazi, kwa hiyo nafikiri hajui kwamba ni mchezo. Hata tukiwa ndani mlango umefungwa anasema mjomba. Baba akimwambia hapa hakuna mtu, sema baba, anamtazama tu, anarudi kwenye simu.

Kuna jambo moja nataka nikwambie halafu ulifiche.

Tangu msimamizi aambiwe ni wageni, wadogo wanaruhusiwa kucheza uani. Wiki tatu zilizopita Kitinda alikuwa anapanda ile ngazi ya chuma ya nyuma, akateleza, akaanguka kwa mgongo. Baba ndiyo alikuwa anarudi kutoka kazini, amesimama na msimamizi karibu na matangi ya maji, wanaongea. Mimi nilikuwa ngazini juu. Kitinda alipoanguka hakusema mjomba. Alisema baba. Alipiga kelele, "Baba! Baba!" Miezi yote ile nilikuwa sijamsikia akilisema.

Msimamizi akageuka akamtazama baba.

Baba akasema, "Nyamaza, mtoto. Baba yako hayupo hapa."

Hakumwokota. Alibaki pale pale amesimama. Aliyemwokota ni yule mama anayefagia jengo. Alimpangusa, akamwambia, "Pole, baba atakuja." Mimi nilishuka nikamchukua. Hakuumia sana, mgongo ulichubuka.

Baba alipopanda nyumbani aliingia bafuni akafungua maji. Yalimwagika muda mrefu, na sisi maji tunabania. Alipotoka alikuwa mkavu.

Tangu hapo Kitinda hajawahi kusema tena lile neno.

Na jambo lingine ni langu mimi. Mimi ni mmoja wa wale watatu. Kila nikipita mlangoni msimamizi ananisalimia kwa kunitaja, na mimi nafurahi. Nafurahi kwamba ni mimi niliyeandikwa. Halafu nawaza Mrefu, tunalala kitanda kimoja.

Usimwambie baba. Si mbaya, baba. Analala ameketi akisubiri ule ujumbe wa nyapara.

Mimi Meneja

*

Tarehe 24 Mei

Kaka, shikamoo.

Barua uliyoitaka ni hii, ipo kwenye bahasha ya pili. Ina sahihi yangu na nambari yangu ya kitambulisho. Sikuulizi tena wanakuita nani.

Usinishukuru. Nitakwambia nilivyoiandika, kwa sababu nimekulaumu, na mimi si msafi.

Nilikaa nayo Jumapili iliyopita nzima. Ya kwanza nilikosea, nikaandika "watoto wa kaka yangu" bila kukusudia, nikachana. Ya pili nikaandika sawasawa: "Mimi ni mama wa watoto hawa wanne." Kaka, mkono ulisimama. Nikaisoma. Nikaisoma kwa sauti. Ikapendeza masikioni. Nikachana nikaandika upya, siyo kwamba nilikosea, nilitaka tu kuiandika tena. Niliandika mara sita. Kwenye ile ya tano niliongeza kwamba Doto anapenda kulala ukutani na kwamba Kitinda asipewe maziwa baridi. Nani ananiuliza mambo hayo? Nikajiona mjinga, nikayatoa.

Kesho yake nilikwenda kazini nikitembea kama mtu aliyeacha watoto nyumbani. Mwenzangu mmoja mgeni, tunakunja naye mashuka, akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia wanne. Nikaendelea kukunja. Akaniuliza wa mwisho ana miaka mingapi, nikamjibu, nikamweleza na jinsi anavyolala. Mpaka leo anajua hivyo. Kila asubuhi ananiuliza, "Watoto hawajambo?" Nasema hawajambo. Sijui nitatokaje humo.

Kwa hiyo wewe unaona aibu upande wako, na mimi upande wangu, na hakuna wa kumcheka mwenzake.

Sharti moja. Hii barua usimtume Meneja. Ipeleke kwa mkono wako, na uende na Kitinda, umemshika mkono. Usiniulize kwa nini.

Mdogo wako

*

Jumatatu, tarehe 1 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii ni ndefu. Nimeiandika kwa siku tatu. Meneja hajanisaidia, kwa hiyo usitazame mwandiko.

Nilikwenda Ijumaa. Sikwenda kazini. Nilimnawisha Kitinda uso, nikamshika mkono kama ulivyosema. Njiani kwenye ngazi alinong'ona, "Mjomba, tunakwenda wapi?" Nikasema kwa msimamizi. Akanyoosha mgongo mwenyewe. Akasema, "Najua kujibu."

Ofisini alikuwepo msimamizi na karani wake. Msimamizi akaifungua barua yako akaisoma kwa sauti, kila neno. "Mimi ni mama wa watoto hawa wanne." Akasema dada yako anaandika vizuri. Nikasema ndiyo. Nikajua imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Akafungua droo akatoa karatasi nyingine. Akasema, "Sasa hapa mambo yamenyooka, mzee. Mwanzo nilifikiri ni yatima, nikawa naona vibaya. Kumbe mama yao yupo, ana kazi, ana kwake. Basi hawa ni wageni, na mgeni kwetu ni siku thelathini. Weka sahihi hapa kwamba tarehe thelathini wanarudi kwa mama yao. Siku hiyo nitahesabu."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Mimi nilifikiri ukileta barua wanakuacha. Miezi yote hiyo nafikiria namna ya kuwaingiza, sikufikiria kwamba mtu akisema watoto si wake ataambiwa basi warudishe.

Akanipa kalamu. Karani akanionyesha mstari kwa kidole. Mimi nabeba mfuko wa saruji kila bega, napanda nao ghorofa ya tano. Kalamu ile sikuiweza. Nilikaa nayo. Karani akafikiri sijui kuandika, akaniletea wino wa dole gumba.

Nikasema, "Hawa ni wangu."

Msimamizi akasema, "Wako kivipi?"

Nikasema, "Wangu wa kuzaa. Wote saba. Dada yangu hana mtoto. Mimi ndiye niliyemwambia aandike."

Hapo Kitinda akapanda magotini kwangu. Akaniziba mdomo kwa mkono. Mkono wote, na vidole. Akaniambia sikioni, lakini chumba kidogo, wote walisikia. Alisema, "Mjomba, watasikia."

Karani alicheka. Halafu akaacha. Akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

Mimi nimeshawahi kuvuliwa shati kazini nikakaguliwa kama nimeiba misumari, mbele ya vijana wadogo. Haikuwa kama hii. Nilitamani ile sakafu ipasuke. Nilijaribu kumwambia mimi ni baba yako, nikashindwa kwa sababu mkono bado ulikuwa mdomoni. Alikuwa ananilinda, mdogo wangu. Alikuwa anafanya kazi niliyompa.

Msimamizi akairudisha karatasi ile kwenye droo. Akasema, "Mzee, mimi mwenyewe nina watano. Nawaficha mahali pengine, wala siyo mbali. Lakini ile kamera haina watoto." Akasema sheria yao ya kuhama ni siku saba, yeye ananipa wiki mbili. Barua yako akanirudishia. Akasema hajaiona.

Sasa ninayotaka kukuandikia.

Uliniuliza wananiita nani, nikakudanganya. Wale wanne wananiita mjomba. Mimi niliwafundisha, nikawahonga kwa simu.

Na kuna siku Kitinda alianguka uani, akaniita baba. Msimamizi alikuwa ananitazama. Nilisema baba yako hayupo hapa. Nilisema hivyo na miguu yangu imesimama pale. Mama mfagiaji akamwokota. Sikumwambia mtu. Sikukuambia wewe. Hata wewe ulipoandika niende naye nimemshika mkono, nilifikiri umeota.

Na lile la mazishini. Nilisema nilikuwa nimechanganyikiwa. Sikuwa. Nilijua ninachosema. Nilikasirika kwa sababu uliomba kitu ambacho moyoni nilikuwa nimeanza kufikiria kukupa, nikaona aibu, nikakutupia wewe. Walikuwepo watu wengi. Ningeweza kukuita pembeni kama wewe ulivyoniita. Sikuita.

Sijui kuomba msamaha kwa barua. Sijui hata kwa mdomo. Nimeandika kilichotokea.

Kaka yako

*

Tarehe 6 Juni

Kaka,

Nimesoma. Ya uani nimeyasoma, na ya mazishini nimeyasoma mara mbili, halafu nikaenda kuosha uso.

Najua unachotaka kuniuliza na unaogopa. Jibu ni hapana. Usiniletee wanne kwa sababu umefukuzwa. Niliomba mmoja nikiwa na hamu naye. Sitaki kupewa kwa shida, halafu mambo yakikunyookea uje kuwachukua na mimi nibaki nimekunja vitanda. Nakwambia ukweli ili usininunie.

Ila Jumatano naomba ruhusa kazini. Nakuja kukusaidia kutafuta, tuzunguke wote. Na wakiuliza watoto wangapi, nitajibu mimi, wewe una mdomo usioaminika. Nitasema saba kabla hawajauliza.

Yule mwenzangu wa mashuka nilimwambia ukweli jana. Sikujua nianzie wapi, nikasema tu, "Wale watoto ni wa kaka yangu." Akasema, "Kwani tofauti iko wapi?" Akaendelea kukunja. Nimekasirika naye mpaka sasa na sijui kwa nini.

Mwambie Meneja nimepata barua zote.

Mdogo wako

*

Jumapili, tarehe 12 Julai

Mdogo wangu,

Tangu ulipoondoka tumekaa vizuri kiasi hapa tulipohamia. Chumba cha pili tumekigawa kwa pazia ulilotuachia. Karakana ya kuchomelea vyuma hapa nyuma inaanza asubuhi, haisimami mpaka jioni, hakuna jirani anayeweza kusikia mtoto wa mtu. Ndiyo maana bibi mwenye nyumba hapati wapangaji. Jana kanisimamisha, akasema, "Mliniambia saba lakini mimi nimehesabu tisa." Nikamwambia hawatulii, bibi, wanahesabika mara mbili. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Maji tunachota nje. Profesa analalamika. Kurwa na Doto wamegoma kuvaa nguo moja, Doto anavaa kofia ya Profesa kutwa nzima hata akilala, ili asifananishwe.

Simu sasa naondoka nayo. Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Domo alikaa mlangoni kama mtu aliyefiwa. Ya pili akaanza kumsumbua fundi wa kuchomelea. Sasa fundi ananiambia, "Mzee, chukua huyu wako, tangu saa mbili ananieleza habari za paka na ndoo, na paka mwenyewe hajatoka." Mimi ninajibu ujumbe wa nyapara mwenyewe. Naandika "Nipo." Nikikosea naandika tena. Mara mbili wiki hii nimekosa.

Mrefu jana alinitaja. Alikuwa hajui nipo nyuma yake, alikuwa anamwambia mtoto wa jirani, "Hilo beleshi usiguse, ni la baba." Sikugeuka. Niliogopa ataacha.

Meneja nilimwambia kwamba najua alikuandikia. Uliponituma nimwambie umepata barua zote, nilijua imo ambayo si yangu. Nikamwambia sikasiriki. Akaniambia aliniona siku ile, kutoka ngazini. Kumbe alikuwa ameniona. Nimeshindwa kumtazama mpaka leo, tunapishana tu, ananiwekea chakula, nakula.

Kitinda bado. Nilifikiri tukihama litaisha. Akiniita mjomba naitika, sina uso wa kumgombeza. Watu wa hapa wanashangaa, fundi aliniuliza kama huyu mdogo ni wa dada yangu. Nikasema ni wangu. Akasema mbona anakuita mjomba? Nikamweleza yote, pale pale, na miwani yake ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso. Ni mara yangu ya kwanza kumweleza mtu. Alisema, "Duh." Akarudi kwenye moto wake.

Lakini kuna jambo analifanya kila asubuhi na ndilo lililonifanya nikuandikie. Ninapoinama kufunga viatu anakuja anasimama mbele yangu, anashika mashavu yangu yote mawili, ananiuliza, "Leo wewe ni nani?"

Namwambia, baba yako.

Anatazama mlangoni kwanza. Ndipo anakubali.

Kaka yako